Kijito kilichokauka kinatuambia nini

Maneno ya kundi la wanafunzi wa chama, yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Bunyakiri, mwisho wa mwezi wa sita. Yamechapishwa kamili kwa ombi la wanachama wanaoishi bado Bukavu, Kavumu na Miti.



Aksanti kwa kutupatia nafasi kabla ya hesabu ya michango. Tunajua hesabu njo imewaleta wengi hapa leo, na sisi pia tunakuja kusema jambo linalogusa hesabu ile ile.

Tangu tutangaze kwamba vakansi kubwa ya mwaka huu tutaipitisha kwenye vijito, karibu kila mtu ametuuliza swali moja: "Ninyi batoto ba iniversite, mutaenda kutafuta nini mu kamuto kenye hakana mayi?" Ni swali la haki. Mzazi anayelipa masomo Bukavu kwa maharagi na mafuta ya ngazi ana haki ya kujua mtoto wake anafanya nini na kalamu, kamba na bido tupu katikati ya mawe makavu.

Jibu letu ni hili. Chama kimeweka pesa kwa ajili ya kaptaji moja na matiyo yake. Pesa hiyo imetoka mikononi mwa watu waliorudi bila kitu, na haitapatikana mara ya pili upesi. Wakati wa mvua mabonde yetu yote yana maji, na chemchemi zote zinaonekana nzuri. Kiangazi njo kinaonyesha ipi inaweza kulisha watu mwaka mzima na ipi itawaacha na robine kavu mwezi wa nane. Tunaomba msichague pahali pa kujenga kabla ya kuona kile kiangazi kitaonyesha.

Tueleze sasa vizuri.

Mlima unaweka akiba

Kwetu mvua inanyesha tangu mwezi wa tisa mpaka mwezi wa tano. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane inapungua sana. Ni miezi ile ile ambayo vyuo vinafungwa. Kwa bahati njema, wakati mwanafunzi anarudi nyumbani ndio wakati mlima unaonyesha kilicho ndani yake.

Mvua ikinyesha, maji yake yanagawanyika mara tatu. Sehemu moja inatelemka juu ya ardhi, inachukua udongo, inafanya mto uwe mwekundu na kwenda zake siku ile ile. Sehemu ya pili inarudi hewani, juu ya jua na juu ya miti inayoyanywa na kuyatoa kupitia majani. Sehemu ya tatu inaingia chini. Inapita kati ya chembe za udongo na ndani ya nyufa za mawe, mpaka inafika pahali ambapo kila nafasi imekwisha kujaa maji. Hayo ndiyo tunaita maji ya chini ya ardhi.

Watu wengine wanafikiri kule chini kuna ziwa au mto uliofichwa. Hapana. Fikirini sponji iliyolowa, au mchanga ndani ya ndoo iliyomwagiwa maji. Maji yako ndani ya udongo na mawe yenyewe, na hayasimami. Yanashuka polepole ndani ya mlima, wiki nyingi, hata miezi, mpaka yanapata mlango chini ya mtelemko, kando ya mwamba au ndani ya bonde. Mlango ule njo chemchemi.

Kwa hiyo, mama akichota maji kwenye kijito wiki tatu baada ya mvua ya mwisho, anachota akiba ya mlima. Mlima unafanya kazi kama chama chetu: unapokea siku za neema, unatoa siku za taabu. Michango ikipungua, au watu wakichukua kupita kiasi, sanduku linashuka.

Na kijito kikikauka? Maana yake usawa wa maji ndani ya mlima umeshuka chini ya sakafu ya kijito. Maji bado yako, lakini kijito hakiyafikii tena. Ukianzia juu na kutelemka, utapita kwanza mawe makavu, halafu udongo wenye unyevu, halafu dimbwi, halafu pahali ambapo maji yanaanza kutembea. Pahali pale tunapaandika. Tukirudi wiki inayofuata, tutakuta maji yanaanzia chini zaidi. Kijito ambacho mwanzo wake unakimbia chini kila wiki, akiba yake ni ndogo. Kijito ambacho mwanzo wake unabaki karibu pale pale mpaka mvua inarudi, mlima wake umeshika maji mengi. Hiyo ndiyo habari tunaenda kutafuta mu kamuto kenye hakana mayi.

Sisi si wa kwanza kutembea mtoni pakavu

Musizani mito inayokauka ni ajabu ya kwetu, au ni laana iliyoingia baada ya vita. Mwaka 2021 watafiti wa inchi mbalimbali walichapisha katika gazeti la sayansi linaloitwa Nature hesabu ya mito ya dunia nzima. Walikuta kwamba, tukipima urefu wa mito yote, kati ya asilimia 51 na 60 inaacha kutiririka angalau siku moja kwa mwaka. Zaidi ya nusu. Kumbe mto usiokauka kamwe ndio uko na bahati.

Lakini mto mkavu hausemi maneno yale yale kila pahali, na hapa tunaomba masikio yenu.

Huko Tanzania, karibu na Dodoma, kuna pahali panaitwa Makutapora, ambapo wanachimba visima virefu vya kulisha mji ule maji. Wale ndugu walifanya jambo moja la maana: tangu miaka ya 1950 waliandika usawa wa maji ndani ya visima, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2013 watafiti wa Tanzania na wa Uingereza walisoma hesabu hizo za zaidi ya miaka 50, wakaona kwamba maji ya chini hayapandi kila msimu wa mvua. Yanapanda kwa nguvu katika misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ile ya El Niño ya 1997-98, na miaka mingine yanashuka tu. Utafiti mwingine wa 2021, ambao Chuo Kikuu cha Sokoine kilishiriki, ulionyesha njia ambayo maji yanapitia: vijito vya mchanga vinavyotiririka siku chache tu kwa mwaka vinavuja chini, na vinajaza ile akiba. Kule, kijito cha msimu njo kinanywesha ardhi.

Kule Kitui, Kenya, inchi ni kavu pia. Watu wanajenga ukuta wa mawe na simenti kukata mto wa msimu. Mchanga unajaa nyuma ya ukuta, maji yanajificha ndani ya mchanga, na kiangazi wanafukua kidogo tu, wanachota. Ukipita juu yake utasema huu mto umekufa, na watu wanakunywa ndani yake.

Sasa huku kwetu ni kinyume. Sisi tuko kwenye milima ya mvua nyingi, mgongoni mwa Kahuzi na Biega. Kwetu ardhi njo inanywesha kijito. Kijito cha Bunyakiri kikikauka, hakuna cha kungojea kutoka kijito chenyewe. Inabidi kuangalia juu, kwenye mtelemko, kuuliza mlima ulipokea nini na nani anaunywa. Kwa sababu hiyo dawa ya Kitui haiwezi kuletwa hapa hivi hivi. Tukijenga ukuta ndani ya kijito chetu, tutazuia matope. Kwetu dawa iko juu: udongo uliofunikwa majani, mabingobingo kwenye mitaro ya kuzuia mmomonyoko, miti ya kienyeji kuzunguka chemchemi, na mikalitusi kuondolewa karibu na jicho la maji. Mkalitusi unakua haraka, unatoa mbao na makaa, hatuukatai. Lakini unakunywa sana, na pale kwenye jicho la chemchemi sio pahali pake.

Kwa nini vitabu vya Lwiro havitoshi

Mzee mmoja alituambia: "Lwiro iko karibu. Wazungu walipima kila kitu." Ni kweli kwamba Lwiro ilikuwa makao ya IRSAC, iliyoanzishwa mwaka 1947, na leo ni CRSN, na kwamba mvua imepimwa pale muda mrefu. Tutaenda kuomba hesabu zao, juu hesabu ya mvua ya miaka mingi ni mali.

Lakini muangalie maji yanaelekea wapi. Maji ya upande wa Lwiro na Miti yanateremka katika ziwa Kivu. Kutoka hapo yanafuata Ruzizi mpaka Tanganyika, yanatoka Kalemie kwa mto Lukuga, na mwishowe yanaingia Lualaba. Maji yetu yanageukia upande mwingine: yanafuata Luhoho kwenda magharibi, yanaingia Lowa, na Lowa inaingia Lualaba. Ni mgongo mmoja wa mlima unaotenganisha safari hizo mbili. Upande wetu unaelekea msitu mkubwa, na mvua yake si ile ya upande wa ziwa. Mtu hawezi kujua sufuria ya jirani imebaki na nini kwa kuangalia ndani ya sufuria yake mwenyewe. Chemchemi za huku zinapaswa kupimwa huku.

Na kuna jambo lingine ambalo hakuna kitabu kiliandika. Kabla ya mwaka 1996, kila kilima kilikuwa na watu waliojua majina ya vijito, kijito gani kinakauka mwezi gani, na chemchemi gani haikukauka hata mwaka wa njaa. Halafu ikaja vita vya 1996, vya 1998, na mateso ya miaka iliyofuata, mpaka yale ya 2012. Tulitawanyika. Wengine tulizaliwa au kukulia Bukavu, tukajua maji kama kitu kinachotoka kwenye robine ya REGIDESO siku inapotaka. Tuliporudi, tulikuta njia za kwenda kisimani zimefunikwa na majani, na wazee wengi waliozijua wamezikwa mbali.

Wazee waliobaki ndio kipimo pekee tulicho nacho cha miaka ile. Mzee akituambia, "Kabla ya vita, kamuto haka kalikuwa kanakauka tu mwisho wa mwezi wa nane, sasa kanakauka mwezi wa saba," ametupatia hesabu ambayo hakuna mashine itaipata tena.

Hesabu ya bido

Njia yetu ya kupima ni ya kila mtu, na tunataka mtuangalie tukifanya, ili mwaka ujao mfanye bila sisi.

Chukua bido la litre 20. Kusanya maji yote ya chemchemi yapite kwenye tiyo moja au kwenye gome la mgomba. Hesabu kwa simu ni sekunde ngapi mpaka bido linajaa. Fanya mara tatu. Andika tarehe na saa.

Tuchukue mfano, si chemchemi yoyote ya hapa. Mwezi wa tano bido linajaa kwa sekunde 40. Hiyo ni litre 30 kwa dakika, 1.800 kwa saa. Kwa saa 12 za mchana ni litre 21.600. Kitabu cha Sphere, ambacho mashirika ya misaada yanafuata, kinasema mtu mmoja anahitaji angalau litre 15 kwa siku. Basi chemchemi ile inatosha watu 1.440. Kila mtu anapiga makofi.

Mwisho wa mwezi wa nane, chemchemi ile ile, bido linajaa kwa dakika mbili. Sasa ni litre 10 kwa dakika, 600 kwa saa, 7.200 kwa mchana mzima. Inatosha watu 480. Wengine 960 watakwenda wapi? Watarudi kwenye kijito, pale ambapo ng'ombe inakunywa na nguo zinafuliwa. Wale wasichana watakaoamka saa tisa ya usiku kupanga bido ni watoto wetu. Na kipindupindu hakiulizi nani alilipa mchango.

Sote tumekwisha kuona fontene iliyojengwa wakati wa mvua, ikafunguliwa kwa ngoma na hotuba, na kiangazi cha kwanza ikakauka. Hatutaji jina la mtu wala la shirika. Simenti ilikuwa nzuri, matiyo yalikuwa mazuri. Ni mwezi wa kupima tu ulikuwa mbaya.

Hesabu hiyo inatufundisha pia jambo la pili. Usiku maji yanapita bure. Ile chemchemi ya dakika mbili, ikiwa na sanduku la simenti la kushika maji ya usiku, inarudi kulisha watu 960. Kwa hiyo pengine pesa ya chama itafaa zaidi kwenye sanduku la akiba kuliko kwenye matiyo marefu. Hatuwezi kuwaambia leo. Mwisho wa mwezi wa nane tutaweza.

Tunajua pingamizi lenu, na ni kubwa. Kiangazi ndio wakati barabara ya Miti mpaka Hombo inapitika, na simenti inafika bila lori kulala siku tatu ndani ya matope. Tukingojea, mvua itatukuta. Tumezungumza na mafundi, na hili ndilo pendekezo letu: nunueni simenti mwezi wa nane barabara ikiwa ingali nzuri, muiweke ndani ya nyumba, juu ya mbao, mbali na ukuta, ili isishike unyevu. Kusanyeni mawe na mchanga kwa salongo tangu sasa, juu hivyo vinatumika pahali popote. Uchaguzi wa chemchemi ufanyike katika juma la mwisho la mwezi wa nane, na uchimbaji uanze mara moja. Maji yakiwa chini kabisa, fundi anaona jicho la kweli linatokea wapi, na anajenga pale pale. Kungojea wiki nane hakutatunyima kujenga mwaka huu.

Bonde kavu na shimo la choo

Kuna watu waliorudi na kukuta shamba lao limegawanywa. Wengine wamepewa kiwanja pahali ambapo hakuna aliyejenga zamani. Tumeona nyumba zinasimamishwa ndani ya mabonde makavu, juu pale ardhi ni sawa na mawe ya msingi yako karibu. Tunawaomba kwa upendo: kabla ya kujenga, uliza wazee kama pale palikuwa njia ya maji. Mawe ya mviringo yaliyopangwa chini ya bonde hayakuletwa na mtu.

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, hapa hapa katika teritwari yetu ya Kalehe, upande wa ziwa, mvua kubwa ilijaza mito ya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Wengi wetu tulikuwa na ndugu kule. Katika orodha yetu ya vijito vinavyokauka, kila kijito kitapata pia alama ya pale maji yake yanafika yakijaa, kufuatana na maneno ya wanaokumbuka. Alama ile tutaileta kwa machefu na kwa kamati ya chama.

Jambo lingine ni vyoo. Sphere inasema shimo la choo liwe angalau metre 30 mbali na chemchemi au kisima, na sakafu ya shimo iwe angalau metre moja na nusu juu ya usawa wa maji ya chini. Hapa kuna mtego. Wengi wanachimba choo kiangazi, juu udongo ni mkavu na kazi ni nyepesi. Shimo linaonekana zuri. Mwezi wa kumi na mbili maji ya chini yanapanda, yanaingia ndani ya shimo, na yanatembea mpaka kwenye chemchemi ya chini ya kilima. Kwa hiyo chemchemi tuipime wakati maji yako chini kabisa, na choo tukihesabie wakati maji yako juu kabisa. Kwenye visima vya kuchimba tutapima usawa kwa kamba na jiwe mwezi wa nane, na tunaomba wenye visima wapime tena mwezi wa kumi na mbili na mwezi wa nne. Kamba tutawaachia.

Hatutafuti madini, hatukati mipaka

Sasa tuseme lile ambalo wengine wanasema chini chini. Kijana akipita shambani na simu inayoonyesha pointi, watu wanawaza mambo matatu: anatafuta coltan na dhahabu, anakata mipaka ya mashamba, au anatumwa juu ya mipaka ya Pariki. Tunaelewa woga huo. Watu waliopoteza ardhi mara moja hawapendi karata.

Basi tunaahidi mbele yenu. Hatutaingia shamba la mtu bila yeye au jamaa yake kutusindikiza. Hatutaandika jina la mwenye shamba. Hatutaingia ndani ya Pariki ya Kahuzi-Biega. Tutaanza kila kilima kwa kujionyesha kwa chefu wake. Karatasi zote zitabaki nakala moja kwa chama, na kila mtu ataweza kuziona. Wale kati yetu wanaosoma jiolojia na jiografia watatumia hesabu hizo kwa kazi zao za mwisho wa masomo, lakini karata ya kwanza ni yenu.

Na kuhusu ugomvi wa chemchemi, kati ya waliobaki wakati wa vita na sisi tuliorudi, tuseme wazi: kazi yetu haitasema maji ni ya nani. Sheria ya maji nambari 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 inayaweka maji mikononi mwa taifa. Mwenye shamba ana shamba, hana mto. Lakini sheria iko Kinshasa na bido liko hapa. Aliyebaki alilinda chemchemi ile miaka mingi, alifyeka njia yake, alizika watu wake karibu nayo. Aliyerudi ana watoto wenye kiu. Wote wawili wakisimama pamoja mwezi wa nane, wakahesabu sekunde za bido lile lile, angalau watagombana juu ya kiasi kimoja. Mara nyingi ugomvi ni mkubwa juu kila upande unahesabu maji ya msimu wake. Kwa hiyo tunaomba kila siku ya kupima kuwe na mtu mmoja aliyebaki na mtu mmoja aliyerudi.

Tunayowaomba

Ya kwanza, wazee: mtupatie majina ya vijito na miezi yake. Tutakuja nyumbani kwenu. Hakuna haja ya kutembea. Vijito vyenye majina mawili, mtupatie yote mawili.

Ya pili, ba mama na wasichana: ninyi mnajua foleni inaanza saa ngapi, na ni lini mnaacha chemchemi moja kwenda nyingine. Kila juma mmoja wenu kwa kila kilima atuambie. Hiyo ni hesabu sawa na ya bido. Mtuonyeshe pia zile chemchemi ambazo asubuhi ya baridi zinatoa mvuke na saa sita zina maji baridi. Maji yanayotoka ndani ya mlima hayabadilishi joto lake upesi. Yale ya juu juu yanabadilika pamoja na siku.

Ya tatu, vijana wasiosoma Bukavu: tunataka wawili kwa kila kilima. Sisi mwezi wa kumi tutarudi chuoni. Kipimo cha kiangazi kimoja kinasaidia kuchagua chemchemi. Kipimo cha miaka mingi, kama kile cha Makutapora, kinasaidia kujua kama mlima wetu unakauka. Kalamu inapaswa kubaki hapa.

Ya nne, kamati: muweke barafu juu ya uchaguzi, msiutie moto. Acheni pesa ya kaptaji mahali ilipo mpaka juma la mwisho la mwezi wa nane, isipokuwa ile ya simenti. Tutaleta orodha ya chemchemi zote tulizopima, na kwa kila moja sekunde za bido za kila wiki. Mkutano ndio utachagua.

Tunaanza siku ya kwanza ya mwezi wa saba, kwenye vijito vinavyokata barabara pale Bulambika, halafu tutapanda kilima kwa kilima. Kila siku ya nne tutapima chemchemi zile zile, saa kumi na mbili ya asubuhi, kabla foleni haijaanza. Mwenye saa nzuri na mwenye bido lisilotoboka, aje.

Sasa tunaweza kusikiliza maswali, halafu hesabu ya michango.